Rangi Nyekundu ya Anastasia

Siku Anastasia alipompiga mumewe kwa mchi ilikuwa Jumapili, na alikuwa bado na gauni la kanisani. Watu wa Bondeni wakisimulia habari zake huanzia hapo, basi na sisi tuanzie hapo. Mume alikuwa amezoea. Miaka sita alimpiga kwa mkanda, kwa ngumi, mara moja kwa sufuria iliyotoka motoni, na miaka sita Anastasia alivumilia. Padre alisema vumilia, mama alisema vumilia, na mashoga waliosema vumilia walikuwa na manundu yao wenyewe usoni. Jumapili ile mkono ulipoinuka, mchi ulikuwa karibu. Mwanaume alilia mpaka kijiji kizima kikatoka kutazama. Anastasia akajifunga kitenge, akambeba mtoto wa marehemu dada yake aliyekuwa akimlea, akaondoka Mlali kwa miguu mpaka Morogoro mjini.

Huyo mtoto ndiye Pendo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mama mdogo si mtu wa kuja na zawadi sikukuu akaondoka. Ni mama. Irene, dada mtu, alipofariki, hakuna aliyeuliza Pendo atakwenda wapi. Anastasia alimlea kwa kabichi na karoti za kutoka mlimani, alizozitembeza kichwani kila asubuhi Kilakala, na alimwadhibu na kumpenda kwa mkono uleule. Pendo alipokua akaolewa na Amosi, mkata miwa kutoka Singida, mtu mpole asiye na maneno mengi. Wakajenga nyumba yao Bondeni, kando ya mto. Miaka minne walijenga. Tofali za udongo alizifyatua Amosi misimu ambayo mashamba ya miwa yalisimamisha kazi, na maji ya kuchanganyia udongo aliyabeba Pendo kutoka mtoni, ndoo kwa ndoo, hata alipokuwa mjamzito, mimba ile iliyoharibika. Alipenda nyumba ile kama watu wengine wanavyopenda watoto.

Kazi ya mbu ilimpata Anastasia kwa ugomvi. Vijana wa utafiti waliingia uani kwake na tochi na mabomba ya kunyonyea maji, wakakanyaga mchicha wake, naye akawafukuza kwa ufagio. Kiongozi wao, Evance, kijana wa chuo mwenye miwani, akapigwa fagio la mgongo na bado akasimama kueleza. Alisema wanatafuta mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, yule anayeuma mchana, mleta homa ya dengue, ambayo wazee waliita kidingapopo. Mbu huyo hazaliani kwenye dimbwi la matope. Anataka maji safi yaliyotulia: pipa, ndoo, tairi bovu, kifuu. Nyumba yenye viluwiluwi wake huandikwa, nyumba yenye mgonjwa wa homa huandikwa, na zote zikishawekwa kwenye ramani, mtu anaweza kuona ugonjwa unaelekea wapi kabla haujafika. Anastasia akamsikiliza, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kopo la maji.

"Ni hawa?" akauliza.

Viluwiluwi walikuwa wakijikunja mle kama vijiuzi. Wiki iliyofuata alikuwa ameajiriwa.

Jamani, msidhani ni kazi ya ustaarabu. Kumwaga pipa la maji la mtu wiki ambayo mabomba ni makavu ni kama kumpiga kofi. Anastasia aling'atwa na mbwa mara mbili. Alimwagiwa maji ya dagaa. Mama mmoja alimtupia kigoda kikampasua kisigino. Naye hakuwa malaika: kijana aliyemshika kifua kwa mzaha alizamishwa kichwa kwenye pipa lake mwenyewe mpaka akaomba msamaha kwa mapovu. Evance alikuwa akiomba tu asije akaua mtu akiwa na kitambulisho cha mradi shingoni.

Sasa, kuhusu zile alama. Nyumba ikikutwa na viluwiluwi, walichora X ukutani kwa chaki ya buluu, na chini yake tarehe ya kurudi kukagua. Masika yakaja, na milima ya Uluguru ikishika mvua haiachii. Kila asubuhi chaki imeoshwa, hakuna anayejua nyumba ipi imekaguliwa. Anastasia akachoka.

"Tupake rangi," alisema. "Stoo kuna kopo zima la rangi ya mafuta, limebaki tangu mlipopaka mabenchi."

"Ile nyekundu?" Evance aliuliza.

"Nyekundu, kijani, kwani mbu anachagua?"

Evance alikuwa na haraka ya kwenda Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga, ambako homa ilikuwa imeanza kusikika kambini kwa vibarua. Akakubali. Anastasia akachukua brashi, akateremka Bondeni peke yake, na kwa siku moja akapaka nyumba thelathini na moja. X nyekundu, kubwa, na chini yake 14/5. Wengi hawakuwepo, walikuwa sokoni na vibaruani. Kwa Pendo pia hakukuta mtu. Alifunua pipa, akaona viluwiluwi wamejaa, akasonya, akampakia X mwanawe kama alivyowapakia wengine. Kisha akaenda Dakawa na wenzake.

Hebu niambieni, ni Mtanzania gani asiyejua X nyekundu ukutani maana yake nini? Mtoto wa darasa la kwanza anajua. X nyekundu ni bomoabomoa. Ni barabara inapita, ni reli inapita, ni umejenga kwenye hifadhi ya mto, toka. Na tarehe chini yake ni siku ya tingatinga. Anastasia alijua vizuri sana. Lakini siku ile kichwani mwake mlikuwa na mbu tu, na mtu akishakuwa na jambo moja kichwani anaweza kukanyaga nyoka akidhani kamba.

Bondeni ikawaka. Watu wakamkimbilia mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mwinshehe, naye akasema hajaletewa barua yoyote ya kubomoa, ana barua ya mbu tu. Wakamzomea. Nani anapaka nyumba X kwa sababu ya mbu? Wakaona mzee amekula njama. Madirisha yake yakavunjwa jioni ileile. Oscar, fundi seremala wa jirani na Amosi, akakusanya vijana, wakaanza kuchimba handaki kukata njia, wakapanga magogo na mawe.

Amosi yeye hakuvunja dirisha la mtu. Aliingia ndani akakaa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Amosi alikuwa ameumwa. Zamani, kabla hajamjua Pendo, alikuwa na chumba na sebule kando ya barabara kuu. Alimpeleka mama yake hospitali asubuhi, akarudi mchana akakuta vifusi. Mtaa mzima ulikuwa umelala chini isipokuwa nyumba moja, ya mzee aliyekuwa kitandani hajiwezi. Dereva wa tingatinga alikataa kumfukia mtu mgonjwa. Amosi aliitazama nyumba ile imesimama peke yake, na jambo hilo halikumtoka kamwe.

Siku mbili baada ya X, Pendo akashikwa na homa.

Habari zilimfikia Anastasia tarehe kumi na tatu asubuhi, akiwa amezama magotini kwenye mfereji wa Dakawa. Aliyepiga simu ni Shadia, muuza vitumbua wa Bondeni. Shadia ni Mzigua, na Mzigua na Mluguru ni watani, hawasemezani bila kutukanana. Siku hiyo hakutukana.

"Mwanao mgonjwa, siku ya tano leo," alisema. "Duka la dawa wamemchoma sindano za maumivu, za diklofenaki. Amosi kamfungia ndani. Anasema nyumba yenye mgonjwa haibomolewi. Na mtaa mzima unamlinda asitoke, wanasema yeye ndiye ngao yetu. Kesho ndiyo tarehe."

"Tarehe ya nini?"

"Ya tingatinga. Zile X."

Anastasia akakaa kwenye maji. Alikaa kabisa, na nguo zake.

"Mbona Pendo hakunipigia?"

"Amosi kamkataza. Kamwambia mtu anayekula mshahara wa wakubwa hawezi kukueleza ukweli."

"Homa ikoje?"

"Imeshuka tangu jana. Wanashukuru Mungu."

Hapo ndipo Anastasia alipopiga ukunga. Mwezi mzima alikuwa akiwafundisha watu jambo hilo moja: dengue haiui homa ikiwa juu. Homa ikishuka, siku ya tano, mgonjwa anasema nimepona, ndipo damu inapoanza kuvuja ndani kwa ndani. Na zile sindano za maumivu huifungulia damu mlango.

Evance aliendesha gari kama mwendawazimu. Walipofika kona ya kushukia Bondeni, watu waliliona gari jeupe la mradi na kelele ikapanda: "Wamekuja! Wamekuja kabla ya tarehe!" Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha mbele. La pili lilimpata Evance juu ya jicho, miwani ikaruka, damu ikamfunika uso. Alirudisha gari nyuma huku haoni. Anastasia alikwisha kufungua mlango na kuruka.

Aliteremka akipiga kelele, "Hakuna tingatinga! Zile X nimepaka mimi! Ni za mbu!"

Maskini, alidhani ukweli utamsaidia. Watu walisikia maneno mawili tu: nimepaka mimi. Jiwe likamgonga begani. Mwanamke mmoja ambaye Anastasia alimuuzia karoti miaka yote akamzaba kwa kipande cha ubao mdomoni, jino likatoka. Akaanguka kwenye tope, wakamfuata na mateke, na kuna kijana aliyekuwa ameshashika dumu la petroli. Ndipo Shadia alipojitupa katikati, akamkalia Anastasia juu kama mtu anavyokalia gunia.

"Mluguru huyu ni wangu!" alipiga kelele. "Mtani wangu! Nani kawapa ruhusa kumuua kabla sijamuuza? Nimemlisha vitumbua miaka kumi, hata shukrani hana! Anayemtaka alete ng'ombe!"

Mtu mmoja akacheka. Alicheka bila kupenda, kama unavyocheka msibani watani wakianza vituko vyao, na ukishacheka, mkono ulioshika petroli unakuwa mzito. Shadia akamwinua Anastasia, akamkokota mpaka mlangoni kwa Pendo huku akimtukana kwa sauti kubwa njia nzima, na machozi yanamtoka.

Amosi alikuwa amesimama kizingitini na panga.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba. Nipishe."

"Kumwona utamwona. Kutoka hatoki."

Pendo alikuwa chumbani, amelala kwenye mkeka kwa sababu kitanda kilikuwa na joto, alisema. Miguu yake ilikuwa baridi kama ya kuku aliyechinjwa. Fizi zilikuwa zikitoka damu, na mikononi palikuwa na vidoadoa vyekundu, vingi, chini ya ngozi.

"Mama, homa imeisha," Pendo alisema. "Tumbo tu linakata. Na nimetapika cheusi."

"Twende hospitali, mwanangu."

"Kesho kutwa. Tarehe ikipita."

"Pendo, hakuna tarehe. Ile X nimeipaka mimi kwa mkono huu, kwa ajili ya viluwiluwi kwenye pipa lako."

Pendo akamtazama kwa huruma, macho yamemwingia ndani. "Amosi aliniambia utasema hivyo."

Anastasia akajaribu kumwinua, Pendo akapiga kelele, akashika mguu wa meza. Amosi akamvuta mama mkwe wake kwa nyuma ya gauni mpaka nje, akamsukuma uani. Watu walikuwa wamejaa. Oscar alisimama mbele yao, mikono imejaa udongo wa handaki.

"Mama, tunamhurumia Pendo kama wewe," alisema. "Lakini watoto wetu watalala wapi? Siku moja tu. Mwache siku moja."

"Hana siku moja!"

"Amepoa, mwenyewe nimemgusa."

Walikuwa hawana ubaya, hicho ndicho kilichomtia Anastasia wazimu. Angekuwa mbele ya watu wabaya angejua la kufanya. Hawa walikuwa wakimuua mtoto wake kwa upole, kwa zamu, mmoja analeta uji, mmoja analeta shuka, na rangi iliyowaponza wote ilikuwa bado imemganda kwenye kucha. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Yeye kisima alikichimba, akaingia Pendo.

Karibu na mguu wa Oscar palikuwa na sururu. Anastasia aliichukua kabla mtu hajafikiri, akaenda ukutani, upande wa sebuleni, mbali na chumba alicholala Pendo, akaipiga ile X katikati.

Mvua ya mwezi mzima ilikuwa imelowesha ukuta mpaka ndani. Sururu ilizama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Akavuta, tofali mbili zikaanguka. Akapiga tena. Akawa analia na kupiga, na kila pigo analitaja jina la Pendo. Watu waliokuwa tayari kufa wakizuia nyumba isibomolewe walibaki midomo wazi, maana hawakuwahi kufikiri atakayebomoa atakuwa mama wa mwenye nyumba.

Amosi alipiga ukelele usio na maneno. Alimpiga kwa bapa la panga mgongoni, mara moja, mara mbili. Anastasia hakugeuka. Mara ya tatu panga likageuka mkononi, likamchana kuanzia kiwiko karibu mpaka kiganjani. Sururu ikateleza kwa damu. Akaishika kwa mkono mmoja, akapiga nguzo ya kona.

"Niue!" alimwambia. "Niue, kisha kamtoe mkeo, maana nyumba hii inaanguka!"

Ikaanguka kweli. Nguzo ilikatika, bati zikalia, paa likaanza kuinama upande wa sebuleni polepole, na ukuta mzima ukalala chini na vumbi. Amosi akatupa panga. Aliingia ndani mbio, na watu wakamsikia akiita mle ndani, "Pendo! Pendo!" kwa sauti ya mtoto. Akatokea mlango wa uani amembeba mkewe begani, nyuma yake boriti zinashuka. Pendo alikuwa akimpiga ngumi dhaifu mgongoni, akisema nirudishe, nirudishe.

Hakuna aliyewazuia. Ngao ya nyumba iliyokwisha kuanguka ni ya nini? Oscar mwenyewe aliruka handakini akashika miguu ya Pendo wavuke. Juu kwenye kona Evance alikuwa bado anangoja, amefunga shati kichwani, gari halina kioo. Hakuwa amekwenda popote, kijana yule.

Pendo alitapika damu njiani mara mbili. Hospitali walimtundikia maji, wakamwongezea damu, kisha damu tena. Anastasia alishonwa mkono nyuzi ishirini na mbili akiwa amesimama mlangoni mwa wodi, kwa sababu alikataa kuondoka hapo, na muuguzi akachoka kubishana. Amosi alikaa chini sakafuni upande wa pili wa mlango. Siku tatu hawakusemezana. Amosi alikuwa akimwachia nusu ya mkate wake kwenye benchi, naye Anastasia alikuwa akiula.

Tarehe kumi na nne ikafika Bondeni, ikapita. Hakuna tingatinga lililokuja. Nyumba thelathini ziko pale mpaka leo. Oscar alimleta mke wake hospitali siku hiyo hiyo, ana homa ya siku ya pili, na kufikia mwisho wa wiki walikuwa wamelazwa saba kutoka mtaa ule. Wote walitoka wazima.

Siku ya nne Pendo akafumbua macho yenye akili. Alimtazama mumewe, akamtazama mama yake, akauliza kitu kimoja.

"Nani amebaki nyumbani?"

Amosi alikunja kofia yake, akaikunjua.

"Nyumba hakuna," Anastasia alisema. "Nimeibomoa."

"Wameibomoa?"

"Mimi. Kwa sururu."

Pendo alilamba midomo iliyopasuka. "Nilibeba maji yake nikiwa na mimba," alisema. "Mimba ikatoka, nyumba ikabaki. Ungeniacha nife mle ndani."

"Nisingeweza."

"Sitakusamehe, mama."

"Usinisamehe. Nichukie miaka hamsini, nitashukuru."

Pendo akageuza uso ukutani. Anastasia akabaki amesimama, mkono umefungwa mpaka begani, hajui aketi au atoke. Kisha Pendo akasema ana kiu. Alimwambia Amosi, hakumwambia yeye. Amosi akamwinua kichwa, akamwekea kikombe mdomoni, na Anastasia akasikia funda la kwanza likishuka, na la pili, na la tatu. Akatoka nje koridoni, akakaa chini, akalia kwa furaha mpaka watu wakadhani amefiwa.